Kuanza biashara ya kukamata kaboni kwa makumbi na vifuu, kwa sisi wa Tanga

Karibu kila wiki napata meseji zilezile. "Kaka hii biashara ya hewa ukaa naanzaje?" "Mtambo bei gani?" "Eti ni kweli wanalipa kwa dola?" Na juzi mama mmoja wa Mabokweni kanipigia kabisa saa mbili usiku anauliza kama anaweza kuuza hewa ya shamba lake la minazi. Kujibu mmoja mmoja nimechoka, kwaiyo naandika yote hapa kwa mara moja, ukisoma mpaka mwisho na bado una swali uliza tu, ila lile la mtambo bei gani usiulize tena maana jibu lake ni shimo.

Ndio, shimo. Tutafika.

Nadharia kidogo alafu tunaendelea. Biashara yote hii ina kazi nne, kuikamata hewa ukaa (CO2), kuisafirisha, kuihifadhi mahali isitoroke, na kuitumia kwenye kitu chenye faida. Wenye mitaji mikubwa wanafanya kwa mitambo. Norway wanaisukuma chini ya bahari pale Sleipner tangu 1996, na kwa miaka mingi ilikuwa karibu tani milioni moja kwa mwaka. Majirani zetu Kenya, kampuni ya Octavia Carbon inatengeneza mashine za kuivuta toka hewani. Hapa nyumbani TOL Gases wanaivuna ile ya asili inayotoka ardhini kule Rungwe, Mbeya, na ndiyo hewa hiyohiyo inayotoa mapovu kwenye soda. Na Tanga vyanzo tunaviona kwa macho, kiwanda cha saruji Pongwe na matanuru ya chokaa, maana ukichoma kilo 100 za mawe safi ya chokaa kilo 44 zinapaa kama hewa ukaa, hapo moshi wa kuni hujauhesabu. Lakini kuikamata hiyo kunataka mabilioni, na kuisafirisha kunataka matangi ya shinikizo na baridi ya nyuzi kama 20 chini ya sifuri. Huko mimi na wewe hatuna kazi.

Kazi yetu ipo kwa mnazi. Mnazi umeshaikamata bure, iko ndani ya kumbi na kifuu. Ukiliacha kumbi lioze au ukilichoma hovyohovyo kaboni yote inarudi juu, ile waja leo waondoka leo ya Tanga yetu. Ukilichoma kwa kulinyima hewa, theluthi mpaka nusu ya ile kaboni inabaki kama mkaa mgumu ambao ukiufukia shambani hauliki na vijidudu kirahisi, unakaa mamia ya miaka. Huo mkaa ndio unaitwa bayocha. Sio mkaa wa kupikia, hilo shika sana maana nusu ya matatizo yanatokea hapo.

Uwe na nini kabla hujaanza

- Malighafi ya uhakika. Sio mzigo wa leo tu, ujue na wa wiki ya nne unatoka wapi. Wauza madafu, wakamua mafuta ya nazi, mama wanaokuna nazi kwa biashara, wafua nazi wa Pangani, Muheza na Mkinga. Mjini kuna watu wanamlipa mwenye toroli ayaondoe makumbi, nenda ukayaombe kabla hawajashtuka.
- Eneo la wazi, mita 10 kila upande bila paa la makuti wala majani makavu, na usichimbe chini ya mnazi.
- Jembe, sululu, koleo, reki ya chuma yenye mpini mrefu.
- Maji lita 200 mpaka 300, yaani madumu 10 hadi 15 yamejaa na yamepangwa pembeni KABLA ya kiberiti.
- Mizani ya kuning'iniza, ya kufika kilo 50.
- Daftari na simu yenye kamera.
- Magunia, na turubai la kuanikia.
- Samadi au mkojo wa ng'ombe. Tanga ng'ombe wa maziwa wapo kila kona, ongea na mfugaji.
- Buti, glavu za ngozi, barakoa, nguo za pamba. Ile jezi yako ya mpira wa miguu iache nyumbani, cheche moja tu inayeyukia mwilini.
- Neno kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa jirani mwenye kidomo kuliko wote.

Mimi nilianza na kama laki na nusu na nyingi iliishia kwenye mizani, watu walinicheka kwa nini ninunue mizani kabla ya kuwa na cha kupima. Leo ndiyo kifaa ambacho singeuza.

Hatua

1. Chambua. Vifuu ndio mfalme, vizito, vinatoa mkaa mgumu. Makumbi makavu yanafuata. Matawi ya michungwa yaliyopogolewa Muheza ni mazuri, mabunzi ya mahindi pia, nguzo za mkonge zilizokauka zinafaa lakini zinaisha haraka kama karatasi.

Sasa vya kukataa. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni, yale ambayo mama zetu wanayafukia kwenye matope ya bahari miezi na miezi ili wapate usumba wa kusokota kamba, yaache, yamejaa chumvi na chumvi ile itaishia kwenye bustani ya mteja. Mbao zenye rangi au dawa, kataa. Plastiki hata mfuko mmoja, kataa. Mikoko usiiguse, kuikata ni kosa kisheria na isitoshe mikoko na matope yake yenyewe ni ghala la kaboni, utakuwa unabomoa ghala ili ujenge kibanda. Na mabaki mabichi ya mkonge toka kwenye korona, ile mashine ya kutoa singa (nyuzi), najua yapo mengi mno maana singa ni kama asilimia 4 tu ya jani, kinachobaki chote ni maji na nyama ya jani, lakini hayo ni kazi ya biogesi sio ya shimo. Pale Hale waliwahi kujenga mtambo wa biogesi kwa mabaki hayohayo. Ukiyaleta kwenye shimo utafukiza kijiji.

2. Kausha mpaka uchoke kusubiri. Hapa ndipo wanaoanza wanaboronga. Unyevu ushuke chini ya asilimia 15 hadi 20. Huna kipimo? Gonga vifuu viwili, vikilia kwa sauti kali ya kengele viko tayari, vikitoa sauti ya mbao iliyolowa rudisha juani. Kumbi livunje kwa mkono, likipinda bila kutoa vumbi bado. Makumbi ya dafu yanataka siku nyingi, hesabu wiki tatu za jua kali, na uyapasue kwanza. Masika ya Machi mpaka Mei usijidanganye, kusanya tu chini ya paa, choma baadae. Vuli nayo inakatisha katisha. Mimi mwaka wa kwanza nilichoma Aprili kwa ubishi, moshi uliingia mpaka kwenye msiba wa jirani, na ule moshi mweupe ndio hasara yenyewe kwa sababu una methani na methani inachafua hali ya hewa kuliko hewa ukaa unayojidai kuikamata.

3. Chimba shimo la koni. Umbo kama faneli, juu upana mita 1.5, kina sentimita 80, kuta zinateremka kwa mteremko mkali hadi chini panakuwa padogo kama sahani ya pilau. Wazo hili limetoka kwenye tanuru la chuma linaloitwa Kon-Tiki, walilibuni watu wa Ithaka Institute Uswisi mwaka 2014, na shimo la udongo linafanya kazi ileile kwa bei ya jasho. Kwa sisi wa pwani tatizo ni mchanga, kuta zinaporomoka ukimwaga maji. Tafuta udongo wa kichuguu, ukande na maji, upake kuta unene wa kiganja, upigepige na nyuma ya koleo, uuache ukauke siku tatu nne. Ukipata hela baadae mpe fundi wa kuchomelea akutengenezee la bati nene, ila usianze na hilo.

Shimo lisipotumika lifunike. Kuna watoto, kuna mbuzi, kuna walevi.

4. Washa juu, sio chini. Panga vijiti vikavu katikati kama kibanda kidogo kilichosimama, jaza makuti ndani yake, alafu washa kileleni. Moto ushuke wenyewe. Kwanini juu? Kwa sababu moto ukikaa juu unakula moshi unaotoka chini, na hewa safi inashikwa na ule moto kabla haijafika kwenye mkaa. Theory ya darasani ni ndefu, wewe kumbuka ivi: moto ni kifuniko. Kifuniko kikiwa juu chungu kinaiva.

5. Ongeza tabaka kwa tabaka, na hapa usiondoke. Ukiona tabaka la juu limeanza kuvaa majivu meupe kama mtu aliyepaka poda, ndipo unamwagia tabaka jipya, jembamba, lifunike usawa wote. Ukiwahi, moto unakabwa, moshi. Ukichelewa, unatengeneza majivu. Dakika 5 mpaka 10 kati ya tabaka na tabaka kwa vifuu, makumbi ni haraka zaidi. Vipande vinene weka mwanzoni vikae chini muda mrefu, vyembamba mwisho. Shimo linajaa kwa masaa mawili matatu ivi.

Huku unasimama upande upepo unakotoka. Usichungulie shimo kifudifudi, ile hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, inamlaza mtu.

Simu weka mfukoni isipokuwa ya kupiga picha. Mzigo wangu wa kwanza wote uliishia majivu kwa sababu nilienda kunywa kahawa na kashata barazani, nikakuta mjadala wa Coastal Union, nikarudi shimo jeupe pe.

6. Zima kwa maji mengi. Tabaka la mwisho likianza kuvaa majivu mwaga maji yote, anzia pembeni ukizunguka, simama mbali maana mvuke unapanda kama wa sufuria la wali lililofunuliwa. Alafu koroga na reki, mwaga tena. Koroga, mwaga. Weka kiganja juu, ukihisi joto lolote hujamaliza. Kama maji ni shida funika kwa udongo nene usiache hata kitundu, uache mpaka kesho kutwa, inakubali lakini utapata udongo ndani ya mzigo na mizani itakudanganya.

Onyo kubwa kuliko yote humu: mkaa huu unaweza kujiwasha wenyewe tena. Usijaze kwenye gunia siku hiyohiyo, usilaze magunia ndani ya nyumba usiku wa kwanza. Mimi nililaza manne barazani kwa mama mkwe. Sitaki kuongea zaidi.

7. Anika, pima, ponda. Tandaza kwenye turubai. Upimaji una ujanja wake kwa sababu bayocha inakunywa maji mno, gunia la leo kilo 40 na wiki ijayo kilo 22, na kinachohesabika ni uzito mkavu tu. Chukua sampuli ya kilo moja ya mzigo ulioloa, kausha kabisa mpaka uzito uache kushuka, ikibaki gramu 550 basi kila kilo ya mzigo wako ina gramu 550 za kweli. Andika. Shimo la saizi niliyosema mimi linanipa kilo 60 hadi 80 kavu nikijitahidi, vifuu vikiwa vingi.

Kuponda tumia kinu cha zamani au pondea ndani ya gunia kwa mchi, ikiwa bado ina unyevu kidogo ili vumbi lisiruke, na barakoa usivue. Chekecha. Vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi kushuka chini ndio vizuri. Kuponda kuna faida ya pili ambayo wengi hawaioni, mkaa uliopondwa hauuziki jikoni, kwaiyo hakuna atakayekuibia kaboni yako akachemshie maharage.

8. Ilishe kwanza. Bayocha mbichi ina njaa. Ukiiweka shambani hivyo inavuta naitrojeni ya udongo kwake na mmea unakuwa njano wiki kadhaa, mteja anakuita tapeli. Changanya debe moja la bayocha na madebe mawili ya samadi, lowesha iwe kama sponji iliyokamuliwa, funika, geuza kila wiki, wiki tatu au nne. Mkojo wa ng'ombe ukiupata ni bora zaidi, loweka tu siku chache. Banda la ng'ombe lenyewe ukilimwagia bayocha chini harufu inakata na mwezi ukiisha unavuna mchanganyiko tayari, mfugaji anafurahi na wewe umepunguziwa kazi.

9. Makaratasi. Jina la biashara BRELA, TIN ya TRA, leseni ya halmashauri. Hayo unayajua. Mawili ambayo hujui: usiandike neno "mbolea" kwenye kiroba kabla ya kuwauliza TFRA, wale wasimamizi wa mbolea, maana mbolea na viboresha mimea vina sheria ya usajili. Na la pili, ukibeba vitu vyeusi kwenye gunia utasimamishwa geti la maliasili, kwa haki kabisa, wao wanaona mkaa. Pita ofisi ya TFS (wakala wa misitu) ya wilaya yako ueleze unachofanya kabla ya safari ya kwanza, beba barua ya serikali ya mtaa au kijiji inayosema malighafi ni makumbi, na beba mzigo ukiwa umeshapondwa na kuchanganywa na samadi. Hakuna mpishi atakaeutaka na askari anaona mwenyewe.

10. Uza bayocha kwanza, kaboni baadae. Hii ndio sentensi niliyoandikia makala yote. Mtu anayeanza kwa kusubiri dola za kaboni atakufa njaa amekaa kwenye shimo. Bayocha ni bidhaa, ina wateja leo: vitalu vya miche ya michungwa na mikarafuu, bustani za mchicha na nyanya, wauza maua wa barabarani, wakulima wa mboga Lushoto. Udongo wa Usambara sehemu nyingi una asidi na bayocha inaipunguza, udongo wa kichanga haushiki maji na bayocha inashika, hapo ndipo inapoonyesha kazi. Lakini usimuuzie mtu mwenye shamba juu ya matumbawe karibu na bahari, udongo wake tayari una chokaa tele, utamwongezea tatizo. Mwambie akapime udongo kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, wapo hapo Muheza na kazi yao ni hiyohiyo.

Njia ya kuuza ambayo imenifaa mimi ni kutoa bure debe moja kwa bustani tatu zilizo barabarani ambapo watu wanapita, nikasema weka tuta hili, tuta lile usiweke. Sikuongea tena. Kwenye soko la Mgandini nilipeleka viroba vidogo vya kilo tano kwa wauza miche, vinatoka kuliko gunia.

Usafiri utakula faida ukicheza. Bayocha ni nyepesi lakini inajaza gari, unalipia nafasi sio uzito. Toyo au guta ndani ya mji inatosha, Lushoto panda na fuso linalorudi tupu baada ya kushusha mboga, hapo bei inaongeleka. Kwanza kabisa chimba shimo palipo na makumbi, sio uyasafirishe makumbi kuja mjini, kumbi kavu zima ni hewa tupu unaibeba.

11. Sasa kaboni. Toka siku ya kwanza, hata kama huna mnunuzi wa kaboni, kila mzigo uandikie: tarehe, malighafi ilitoka wapi, picha kabla, picha moto ukiwaka, picha baada ya kuzima, uzito mkavu, na ilikwenda kwa nani na ikawekwa shamba gani. Hilo la mwisho ndio uhifadhi. Kaboni haihesabiwi kuwa umeihifadhi ikiwa stoo kwako, inahesabiwa ikishaingia udongoni au kwenye zege mahali ambapo haitachomwa. Daftari lisiloonyesha bayocha iliishia shamba gani ni hadithi.

Hesabu iko ivi. Kilo moja ya kaboni ni sawa na kilo 3.67 za hewa ukaa. Tani moja ya bayocha kavu yenye kaboni asilimia 75 ni tani 2.75 za hewa ukaa, ukitoa makato ya usafiri, methani na sehemu itakayooza, chukulia mbili na ushei. Ukichoma mara mbili kwa wiki kilo 70, mwaka unapata kama tani 7, sema tani 15 za hewa ukaa. Kinachouzwa kinaitwa kredi, yaani cheti cha tani moja ya hewa ukaa uliyoihifadhi. Kredi za bayocha duniani mara nyingi zimekuwa zikiuzwa zaidi ya dola 100 kwa tani, kwaiyo unaona dola 1,500 unaanza kucheka. Usicheke. Vipimo vya maabara, mkaguzi, usajili, hivyo ukivilipia peke yako vinameza hela yote na kukudai chenji. Mtu mmoja na shimo moja hauzi kredi. Watu 100 wenye mashimo na daftari moja la pamoja, hapo kuna mazungumzo. Ndio maana kuna mfumo kama Global Artisan C-Sink uliotengenezwa kwa wazalishaji wadogo, unataka muwe chini ya msimamizi mmoja anayewafundisha na kukusanya taarifa za kila moto. Puro.earth na Verra, mashirika ya nje yanayosajili kredi, nao wana taratibu zao za bayocha, ngumu zaidi kwa shimo. Wote watataka maabara ipime uwiano wa haidrojeni kwa kaboni, ukiwa chini ya 0.7 mkaa wako umeiva.

Na upande wa serikali, Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni toka mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kaboni, NCMC, kiko SUA Morogoro. Mradi wa kuuza kredi lazima upite kwenye utaratibu huo. Kikundi kikishasimama na rekodi za mwaka mzima andikeni barua, sio kabla.

Ikigoma

*Moshi mweupe hauishi.* Malighafi mbichi, au umemwaga tabaka nene. Acha kuongeza, tupia vijiti vikavu vyembamba juu moto uamke. Ukiendelea kufuka zima, anika upya, hakuna dawa nyingine.

*Vipande vina rangi ya kahawia ndani.* Havijaiva. Vitoe, virudishe chini kabisa mzigo unaofuata. Ukivunja kipande kilichoiva kinalia kama kigae na hakiachi mafuta kwenye vidole, osha kwa maji tu weusi unatoka. Ukiona mpaka sabuni ndio unatoka, bado.

*Majivu mengi kuliko mkaa.* Ulichelewa kuongeza au ulichelewa kuzima. Au kahawa.

*Shimo linabomoka kila mara.* Mchanga. Rudi hatua ya 3, kichuguu.

*Mche wa mteja umekuwa njano.* Hukuilisha. Mpe samadi au mkojo uliozimuliwa kwa maji mara kumi, bure, na umuombe radhi. Kama majani yameungua kingo, onja bayocha yako kwa ulimi kidogo, ikiwa na chumvi basi yale makumbi ya ufukweni yameingia.

*Jirani kalalamika.* Ana haki. Choma asubuhi mapema upepo wa nchi kavu unapoelekea baharini, kabla ya watu kuanika nguo, na mpelekee debe la bustani.

*Mnunuzi anataka gunia zima lisilopondwa.* Anakwenda kupikia au kuuza jikoni. Ukimuuzia futa mzigo huo kwenye daftari la kaboni, usidanganye, maana mkaguzi akikuta mzigo mmoja wa uongo anafuta yote ya kikundi.

*Kuna kampuni inataka nilipe ada ya usajili nipate mkataba wa dola.* Hili swali ndio linakuja kuliko yote. Walinijia na mimi, mashati yamenyooshwa, mkataba wa kurasa kibao wa lugha ambayo mzee wangu hasomi, wanataka laki tatu kila mwanachama na haki ya kaboni yetu miaka 30. Niliwauliza maswali matatu tu: mradi wenu NCMC wanaujua kwa jina gani, nani atapima uzito mkavu, na mzigo wa mwezi uliopita wa kikundi kingine mliufukia wapi. Wakasema watanipigia. Hawajapiga.